Cherehani Tuliyoipeleka Msibani

Tulifika msibani na maputo.

Na muziki. Na fulana za njano zilizoandikwa mgongoni TUPO PAMOJA NANYI. Na cherehani mpya kabisa, imefungwa utepe mwekundu kama inakwenda kuolewa.

Hakuna aliyetuambia kwamba mama tuliyempelekea ile cherehani alikuwa amezikwa jana yake.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikianzia hapo mtasema natia chumvi.

Mimi nafanya kazi kwenye kiwanda cha ndoo na mabeseni. Kazi yangu ni kubandika lebo. Ndoo inakuja kwenye mkanda, nabandika, inapita. Inakuja nyingine, nabandika. Ndiyo maana pale kazini jina nililopewa na wazazi wangu limeshasahaulika. Naitwa Mama Lebo.

Jirani yangu kwenye mkanda ni mzee mmoja tunamwita Kifuniko. Kwanza kwa sababu mashine ya vifuniko ni yake. Pili kwa sababu akianza kuongea, hafunikiki.

Sasa pale kazini, kila mwisho wa mwaka sikukuu zikikaribia, kuna utaratibu. Wafanyakazi tunachanga. Kila idara inapewa familia moja yenye shida kutoka mitaa ya jirani. Mnanunua zawadi, mnafunga vizuri, mnapeleka.

Msimamizi wa yote hayo ni afisa utumishi. Kijana mtanashati, viatu vyake vinang'aa mpaka unaweza kujipaka poda ukijiangalia humo. Tunamwita Bosi Mdogo. Bosi Mkubwa yuko makao makuu, sisi tunamjua kwa picha ya ukutani tu.

Mwaka ule idara yetu ilipewa familia ya mama mmoja mjane. Alikuwa fundi wa kushona, lakini cherehani yake ilikuwa imeshakufa kabisa, hata wa kutengeneza alimshauri aiuze kama chuma chakavu. Akawa anashona kwa mkono. Ana binti wa darasa la sita na mtoto wa kiume ambaye hata shule hajaanza. Wote wanaishi na bibi yao, yaani mama mzazi wa huyo mjane.

Bosi Mdogo akasema tununue unga, mafuta, sabuni na nguo za watoto, kama kawaida.

Kifuniko akanyoosha mkono.

"Unga utaisha, kijana wangu. Huyu mama ni fundi. Mpeni cherehani, unga atajitafutia mwenyewe."

Aisee, tulipiga makofi! Mimi nilipiga mpaka viganja vikawasha. Lilikuwa wazo zuri. Mpaka leo nasema lilikuwa wazo zuri, na ndilo linaloniuma.

Tukajibana. Idara nzima ikanywa chai kavu bila hata andazi. Kuna dada wa usafi alileta mchango wake umefungwa kwenye kona ya kitambaa, akasema, "Nami nimo." Cherehani ikapatikana. Ya kukanyaga kwa mguu, maana mtaani kule umeme ni wa kubahatisha. Tukaongeza mkoba wa nguo za watoto na gari la kuchezea kwa yule mdogo.

Mwanzoni mwa wiki Bosi Mdogo akampigia yule mama simu mbele yetu, akaweka sauti ya wote kusikia.

Yule mama alicheka. Kicheko cha mtu mwenye haya kidogo.

"Karibuni sana jamani. Nitafagia mpaka barabarani."

Nilimpenda kabla sijamwona. Na sikuwahi kumwona.

Siku yenyewe tukapanda gari la kampuni. Dereva wetu tunamwita Taratibu, kwa sababu anaendesha kama amebeba mayai. Mbele kakaa Bosi Mdogo na kamera yake. Nyuma mimi, Kifuniko, wenzetu kadhaa, cherehani, na maputo mengi kiasi kwamba Kifuniko alikuwa anaongea na puto akidhani ni mimi.

Spika juu ya gari inapiga muziki. Sisi tunaimba. Watu barabarani wanatupungia mikono.

Tukakata kona ya mwisho.

Mbele tukaona turubai. Viti vya plastiki. Watu wengi wamekaa.

Bosi Mdogo akafurahi karibu aruke dirishani. "Oneni walivyotupokea! Wametufungia hadi turubai! Taratibu, ongeza sauti!"

Taratibu akaongeza sauti.

Sasa mimi nikaanza kuona vitu vidogo vidogo. Wanawake wamekaa chini kwenye mikeka, wamejifunga vitambaa vichwani. Hakuna anayepunga mkono. Hakuna anayecheka. Mwanamume mmoja kainuka, anatujia mbio huku mikono yake ikikata hewa, kata, kata, kata.

"Zima hicho kitu! Zimeni! Hapa kuna msiba!"

Taratibu alizima mpaka injini.

Jamani, kuna ukimya na kuna ukimya. Ule ulikuwa na uzito, unausikia begani.

Bosi Mdogo akashuka. Akamuuliza yule mtu kwa sauti ndogo, "Samahani kaka, amefariki nani?"

Yule mtu akamtajia.

Kifuniko, mtu asiyefunikika, alifunga mdomo kama umepigwa kufuli.

Kumbe yule mama alianguka bombani juzi yake asubuhi akiwa na ndoo yake ya maji, akapelekwa hospitali, hakurudi. Namba tuliyokuwa nayo ilikuwa ya simu yake mwenyewe. Nani angetupigia?

Tatizo sasa likawa maputo. Huwezi kushuka nayo, huwezi kuyaficha. Mwenzetu mmoja akataka kuyatoa upepo kimya kimya, likamponyoka moja, paa! Msiba mzima ukageuka. Akajaribu la pili, paa! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na fulana yangu ya njano.

"Tugeuze gari," nikamwambia Bosi Mdogo. "Tutarudi siku nyingine."

Kabla hajajibu, bibi mmoja kainuka kwenye mikeka. Mwembamba, mrefu, anatembea polepole lakini amenyooka. Akaja mpaka kwenye gari.

"Nyie ndio watu wa kiwandani?"

"Ndiyo, bibi. Pole sana, bibi. Hatukujua."

"Mngejuaje?" Akatuangalia mmoja mmoja. "Mwanangu aliwasubiri. Alifagia mpaka barabarani, kama alivyosema. Shukeni. Mliyemletea hayupo, lakini watoto wake wapo."

Tukashuka. Ungefanyaje?

Tukapewa nafasi kwenye mikeka. Fulana zetu za njano katikati ya watu wa msiba, tunaonekana kama ndizi zilizomwagika. Tukalia na waliolia. Sikulia kwa adabu, nililia kweli.

Yule mtoto mdogo akapewa gari lake. Akabonyeza kitufe. Kumbe lina king'ora! Wiii-wiii-wiii, taa nyekundu zinazunguka. Watu wazima tunatazamana. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumnyang'anya. King'ora kikalia pale msibani mpaka mtoto mwenyewe alipochoka.

Binti alikuwa amekaa pembeni ya bibi yake. Shingoni amejitundika futi ya kupimia nguo, ya mama yake. Halii. Anaichezea tu ile futi, anaikunja na kuikunjua.

Bosi Mdogo akanisogelea sikioni. "Mama Lebo, nahitaji picha."

"Picha ya nini?"

"Ya kukabidhi. Makao makuu wanataka ripoti. Moja tu."

"Bosi, hapa pana msiba."

"Nami nina kazi, Mama Lebo. Moja tu, tunaondoka."

Akaenda kwa bibi, akaomba kwa adabu zote. Bibi akaitikia kwa kichwa, nadhani kwa kuchoka tu. Cherehani ikafunguliwa utepe. Binti akaambiwa akae.

"Kanyaga kidogo basi, tuone inavyofanya kazi," Bosi Mdogo akasema.

Binti akaangalia huku na kule. Mama mmoja akampa shuka lililochanika. Binti akatunga uzi bila hata kukodoa macho, akashusha mguu wa mashine, akakanyaga.

Jamani.

Ule mshono ulinyooka kama umechorwa kwa rula. Na mtoto hakuwa anaangalia kitambaa. Alikuwa anaangalia mlangoni, kama mtu anayesubiri mwingine aje amwambie amekosea wapi.

Watu wakaguna. Mtu mmoja akapiga makofi. Tukapiga wote. Msibani tulipiga makofi, mimi nikiwemo. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile watu kupata kitu cha kushangilia.

Kamera ikalia.

Hapo ndipo nilipomwona. Mwanamume mnene kaegemea nguzo ya turubai, kijiti cha meno mdomoni. Nikaambiwa ni baba mkubwa wa watoto, kaka wa marehemu baba yao. Ana mke mwenye duka la sare za shule. Macho yalikuwa yanamng'aa. Nikadhani ni machozi.

"Nani kakufundisha?" akamuuliza binti.

"Mama."

"Na shati unaweza?"

"Naweza. Na sketi za marinda."

"Aaah," akasema. Akahamisha kijiti upande wa pili wa mdomo.

Tulipokuwa tunajiandaa kuondoka, nikaenda nyuma ya nyumba kunawa uso. Nikiwa nimeinama kwenye pipa la maji, nikahisi mtu. Ni bibi.

Akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikuitegemea.

"Mwanangu, hiyo mashine irudisheni."

"Bibi?"

"Ichukueni mwende nayo. Mniwekee huko kiwandani mpaka hawa watu watawanyike. Mkiiacha hapa leo, haitalala kwangu."

"Nani ataichukua, bibi?"

Aliangalia upande wa turubai. "Nakuomba. Wewe una uso wa kuelewa."

Nikaenda mbio kwa Bosi Mdogo, nikamkuta ameshakaa kwenye gari, anakagua picha.

Nikamweleza.

"Haiwezekani," akasema bila kuinua macho. "Imeshakabidhiwa."

"Bibi mwenyewe ndiye anaomba."

"Mama Lebo, nikirudi na cherehani kiwandani nitasema nini? Kwamba tulitoa tukanyang'anya msibani? Watu wataongea."

"Basi tuiweke kwangu."

Hapo akainua macho. "Kwako? Mali iliyochangwa na idara nzima, iende kwako?"

Kifuniko akajaribu, "Kijana wangu, hebu msikilize mwenzio..." Bosi Mdogo akasema mambo ya familia yana wenyewe, tusijitie kimbelembele.

Nikamwangalia Taratibu. Taratibu akaangalia usukani. Ana watoto, ana kodi ya nyumba, na anayesaini mkataba wake yuko kiti cha pembeni.

Tukaondoka.

Bibi alisimama mlangoni. Hakunipungia. Alinitazama tu mpaka tukakata kona.

Zikaja sikukuu. Nilikula na watoto wangu lakini chakula hakikushuka. Mume wangu akasema, "Mama watoto, unabeba msiba wa watu kama wa kwako."

Mapumziko yangu ya kwanza baada ya sikukuu, nikamfuata Taratibu kwake. Sikumaliza hata kueleza. Akasema, "Nilikuwa nakusubiri useme." Akaazima gari dogo la mizigo la shemeji yake, tukaenda. Mpango wetu: tuichukue mashine, tuiweke kwangu, Bosi Mdogo aseme atakalosema.

Siku ile Taratibu aliendesha kasi. Sijawahi kumwona vile.

Turubai lilishaondolewa. Bibi alikuwa kizingitini anachambua mchele. Yule mdogo anasukuma gari lake, betri imekwisha, anatoa king'ora kwa mdomo.

"Bibi, tumekuja kuichukua."

Bibi akaendelea kuchambua.

"Imeondoka jioni ile ile," akasema. "Gari lenu halijapoa, wameshaipakia. Baba yao mkubwa kasema ni mali ya watoto wa ndugu yake, ataitunza."

Nikakaa chini.

"Basi, bibi," nikaanza, "bora watoto wenyewe wapo..."

"Ngoja. Sijamaliza." Akaweka ungo pembeni. "Mke wake akaijaribu. Akavunja sindano. Akajaribu tena, uzi ukagoma. Yeye ni mwuzaji, si mshonaji. Wamekaa nayo, wakaona hicho ni chuma tu. Wakarudi."

Taratibu akauliza, "Walirudi kufanya nini?"

Bibi akamwangalia kama vile amemuonea huruma.

"Kumchukua fundi."

Yule mdogo akapita mbele yetu. Wiii-wiii-wiii.

Sasa ndipo nikaelewa kwamba tangu mwanzo nilikuwa naogopea kitu sicho. Nilidhani bibi anaogopa kuibiwa cherehani. Kumbe alishaona mbali. Alimwona yule mtu na kijiti chake, akamwona mjukuu wake anavyoshona mshono ulionyooka mbele ya kadamnasi, akajumlisha. Tulimnadi mtoto wa watu. Kwa makofi.

"Walisema anakwenda kusoma," bibi akasema. "Mimi ni mama wa mama. Kwa ukoo wao, sina sauti. Nilishika mlango. Wakanitoa polepole tu, hawakunipiga. Usije ukasema walinipiga."

Nilijikaza. Nikasema hili halipiti hivi hivi.

Nikaenda ofisi ya ustawi wa jamii. Nikakaa kwenye benchi mpaka mgongo ukakakamaa. Mama aliyenipokea alikuwa mtu mzuri, nasema kweli. Alinisikiliza. Akafuatilia.

Niliporudi kuuliza, akanikaribisha kiti.

"Mtoto yuko kwa baba yake mkubwa. Anakula, analala ndani, anavaa. Nimemuuliza mbele yao kama anapigwa, kasema hapana."

"Na shule?"

"Wameahidi shule zikifunguliwa ataenda."

"Wasipompeleka?"

Akapumua. "Dada yangu, hapa nina watoto waliofungiwa ndani, wenye majeraha, wasio na ndugu hata mmoja. Huyu ana ndugu na anajifunza kazi. Ukiniambia kosa, nitalishika. Kosa liitwe nini?"

Sikujua liitwe nini. Mpaka leo sijui.

Shule zikafunguliwa. Binti hakwenda. Nikarudi, mama yule akasema wamemwambia anaenda muhula ujao.

Nikaenda kwa Bosi Mdogo. Alinikaribisha vizuri tu. Akasema, "Sisi tulitoa zawadi, Mama Lebo. Hatukuchukua familia."

Kifuniko ndiye aliyevunjika kabisa. Wazo lilikuwa lake. Siku hizi anaweza kumaliza zamu nzima hajasema neno, na ule ukimya unatisha kuliko mashine ikizimika. Nikimwambia, "Mzee, hukukosea," ananijibu, "Najua," na kuendelea na vifuniko vyake.

Basi nikasema, kama siwezi kumtoa, angalau nimwone.

Duka la sare liko barabara ya sokoni. Mbele kumetundikwa mashati na sketi, pembeni kuna kibaraza, kwenye kibaraza kuna cherehani yetu. Na binti juu yake. Mgongo umepinda kama wa ajuza.

Mke wa baba mkubwa akanipokea kwa tabasamu la biashara. "Karibu mteja, kuna nini?"

"Nimekuja kumsalimia binti."

Tabasamu likazimika. "Mtoto yuko kazini. Kama una kitambaa, leta. Kama huna, usimchelewesheee."

Alivuta lile neno mpaka nikatoka nje.

Nikaenda duka la jirani, nikanunua kitambaa cha kwanza nilichokiona. Nikarudi. "Nataka gauni."

"Aaa, sema hivyo! Njoo upimwe."

Binti akainuka, akaitoa ile futi ya mama yake shingoni. Akanipima mabega. Akanipima kifua. Aliponizungushia kiunoni, mdomo wake ukawa karibu na sikio langu.

"Bibi anakula?"

"Anakula," nikanong'ona.

"Mdogo wangu?"

"Kakua. Ananifika hapa." Nikamwonyesha kwenye nyonga, kama najikuna.

Akanipima urefu wa mkono. Akaupima tena. Akapima na ule mwingine.

Kutoka dukani sauti ikaja: "Huyo mteja ana mikono mingapi?"

Ndivyo tulivyoanza. Nikawa mteja. Kila mapumziko napitia kwa bibi kuchukua salamu, nanunua kitambaa, naenda kupimwa. Magauni. Mashati ya wanangu. Foronya. Mapazia. Siku moja mume wangu akasimama katikati ya sebule, mikono kiunoni, akauliza, "Mama watoto, hii nyumba ina madirisha mangapi?"

Nikacheka, kisha nikalia. Naye akakaa chini, nikamweleza. Hakuuliza tena.

Binti alikuwa anajua mdogo wake anakua kwa kunipima mimi. Nyonga. Juu ya nyonga. Kiunoni. Siku moja akaniingizia kwenye mfuko, chini ya nguo yangu, kishati kidogo alichokiunga kwa vipande vya sare vilivyobaki. Mkono mmoja wa bluu, mmoja wa kijani. Nikampelekea yule mdogo. Kilimkaa sawasawa. Bibi akakigeuza nje ndani, akapitisha kidole kwenye mishono yote, pole pole.

Halafu nikaona kitu.

Niliona vidole vya binti vimechubuka. Niliona mguu wake wa kukanyagia umevimba kifundoni. Niliona lundo la vitambaa vinavyomsubiri, na juu kabisa ya lundo, wangu.

Njia nzima kurudi nyumbani nilikuwa najiuliza. Nikipeleka kitambaa, nampa salamu. Lakini kila kitambaa ninachopeleka, ni yeye anayekishona. Mapazia yangu yalikuwa mgongo wake. Mimi na baba mkubwa, tofauti yetu nini? Kwamba mimi nanong'ona?

Nikaacha kwenda.

Nilijiambia namsaidia. Wiki zikapita. Bibi akiniuliza habari, nikawa namdanganya kwamba duka lina wageni wengi, nashindwa kuingia.

Mwisho wa mwaka ukafika tena. Asubuhi moja naingia kazini, nikakuta langoni kumetundikwa bango kubwa. Juu wameandika: ZAWADI YENU INABADILI MAISHA. Chini, binti, amekaa kwenye cherehani, anaangalia mlangoni.

Watu walikuwa wanapita, wanasema picha nzuri.

Na kusema kweli, hilo bango halikudanganya.

Sikuweza kusubiri mapumziko. Nikaomba ruhusa, nikasema mtoto anaumwa. Nikanunua kitambaa, nikaenda mbio barabara ya sokoni.

Alikuwa pale pale. Amerefuka. Aliponiona hakutabasamu. Akainuka, akachukua futi, akanipima mabega bila kuniangalia.

"Nisamehe," nikanong'ona. "Niliacha kuja kwa ajili yako. Sikutaka kukuongezea kazi."

Akanizungushia futi kiunoni. Mikono yake ikasimama.

"Anti, kazi ipo hata usipoleta," akasema. "Ukileta wewe, angalau naongea."

Nilishindwa kusimama wima. Akanishikilia kiunoni kwa ile futi, kama anapima, mpaka nikatulia.

"Anakufika wapi sasa?" akauliza.

Nikamwonyesha. Chini ya mbavu.

Jamani, hiki si kisa cha kumnyooshea mtu kidole. Sijawaletea mwisho wa polisi kuvunja mlango, wala wa Bosi Mkubwa kushuka kutoka makao makuu. Ningekuwa nao ningewapa. Mama wa ustawi bado anafuatilia, na mimi bado nakaa kwenye benchi lake. Muhula ujao bado ni ujao.

Nanyi ambao kazini kwenu mnachanga kipindi hiki, changeni. Sijasema msitoe. Ila mtume mtu atangulie kupiga hodi. Na zawadi ikishashuka kwenye gari, msiwe na haraka ya kupanda. Kaeni. Angalieni wanaoitazama, si wanaopokea tu. Na mwenye nyumba akiwavuta pembeni akawaambia kitu kwa sauti ndogo, acheni kamera, acheni ripoti, msikilizeni kwanza.

Sisi hatukumsikiliza.

Binti yuko kibarazani. Mapumziko yangu yakifika, nitapeleka kitambaa.